Jinsi ya Kupata Barabara Tulivu Fizi, na Kwa Nini Ugeuke Haraka Ukiipata

Kwanza tukubaliane kuhusu jina la chombo. Huku Baraka, mwambao wa Fizi, mashariki mwa Kongo, baiskeli tunaiita kinga. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akikuta bango la afya limeandikwa "kinga ni bora kuliko tiba" atafikiria chanjo na kunawa mikono. Wa kwetu husoma bango hilohilo akaona limesema kweli tupu, maana mgonjwa wa kipindupindu hutoka kijijini amekalishwa kwenye keria, mmoja anasukuma, mwingine anamshika mgongo asianguke. Bila kinga, tiba ingebaki mjini peke yake.

Pili, mwongozo huu usichanganywe na MV Mwongozo, meli ya Tanzania iliyovusha wakimbizi wetu kutoka Kigoma walipoanza kurudi nyumbani mwaka 2005. Meli ile ilijua inaenda wapi. Mimi nitajitahidi. Ila kinga yangu ya kwanza iliteremka Baraka miaka ile, pamoja na mjomba aliyetoka kambi ya Lugufu na Kiswahili cha "naomba nisaidie" ambacho wenyeji tulikishangaa kwa wiki nzima. Kwa hiyo undugu na meli ile, ukiutafuta, utaupata.

Tatu, sababu ya kuandika. Nimeangalia vitabu vya Wazungu vinavyofundisha watu kupanda baiskeli kwa raha. Sifa ya njia nzuri kwao ni moja tu: iwe tulivu. Pwani upande mmoja, vilima upande mwingine, magari ya kuhesabu, usisikie kitu ila ndege na mpira wako ukisaga changarawe. Nikajiuliza, hawa wanaisifu Ulaya au wanaisifu Fizi? Maji tunayo: Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 650 na kina cha mita 1,470, na duniani ni Baikal peke yake linalolizidi kina. Vilima tunavyo, ni milima ya Mitumba, imesimama nyuma ya nyumba zetu kama mdai. Magari ni machache, na hupungua zaidi kila daraja linapoondoka. Kilichobaki ni mtu wa kuandika. Basi twende hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: chagua chombo

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Wanaume walipewa kilomita 267.5 zenye jumla ya mita 5,475 za kupanda, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Sheria ya mchezo huo inasema baiskeli isiwe na uzito chini ya kilo 6.8, maana bila katazo matajiri wangeipunguza hadi ipeperuke.

Ilete sheria hiyo Baraka uone tutakavyoitii. Bidoni moja ya mawese ya lita 20 ina kilo 18 za mafuta, na kijana anayetoka Fizi hufunga 4. Hizo ni kilo 72 kabla hujapima chuma chenyewe, nguo za kijana, na kuku aliyeongezwa dakika ya mwisho kwa sababu shangazi wa mtu hakupata lifti. Ukimwambia kijana huyo kwamba kuna mahali watu hulipa fedha ili kinga iwe nyepesi, atakuuliza: kwani hawana mzigo?

Nunua basi kinga ya chuma cheusi, yenye gia moja. Gia moja inatosha, kwa sababu kwenye tambarare hutahitaji ya pili, na kwenye mlima utashuka na kusukuma kama binadamu wengine. Hakikisha keria ni nene na imechomelewa upya na fundi wa soko, kwani ile iliyotoka kiwandani ilitengenezwa kwa ajili ya mkoba wa mwalimu. Chukua pampu, gundi, kipande cha mpira wa zamani cha kukatia viraka, na waya. Fundi hodari na waya vikikutana, hakuna kifaa cha kinga kisichoweza kuigizwa.

Usisahau ndara. Ndara si kiatu, ni breki. Kwenye mteremko wa Fizi breki za fimbo huungua na kuanza kulia, na hapo ndipo utamwona mbebaji akitoa mguu mmoja kwenye pedali, akaukanyagisha mpira wa nyuma kwa unyayo wa ndara, taratibu, kama mtu anayezima sigara asiyotaka kuimaliza. Moshi kidogo unatoka, harufu ya mpira inabaki kwenye kona nzima. Ndara nzuri humaliza safari chache, na ile iliyoliwa hadi vidole vikagusa tairi hustaafishwa ikawa kiraka.

Hatua ya pili: chagua siku

Mvua huanza karibu Oktoba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo njia ya kinga hugeuka kuwa njia ya mtumbwi, na tope lake lina tabia ya kukopa ndara bila kurudisha. Kiangazi, Juni hadi Agosti, ni cha vumbi. Utafika kwa ndugu zako ukiwa na rangi moja na barabara, wakuulize wewe ni nani.

Halafu kuna kalenda ya mwezi, ambayo vitabu vya Ulaya haviitaji kabisa. Ndakala, wale dagaa wa ziwa letu, huvuliwa usiku kwa taa. Usiku wa giza ukikaa ufukweni Baraka utaona mji wa pili umewaka majini. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, samaki wanatawanyika, wavuvi wanakaa nyumbani kushona nyavu na kugombana na wake zao. Basi siku hizo hata kinga za ndakala hupungua barabarani, na njia hutulia kwa sababu ya mbinguni, isiyomdhuru mtu. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Hatua ya tatu: njia ya pwani

Njia hii ni Barabara ya Taifa namba 5, inayotoka Bukavu na, kwenye ramani, kufika Lubumbashi. Kipande chetu ni cha Uvira hadi Baraka, kama kilomita 90, ziwa mkono wa kushoto ukiwa unashuka kusini. Utapita Makobola, Swima, Mboko, Nundu na Lusenda, ambako tangu 2015 kuna kambi ya wakimbizi wa Burundi. Mahali pengine mlima umesogea hadi majini, na barabara imebaki na upana wa kutosha Fuso moja na dua ya dereva wake.

Ladha ya njia hii ni kwamba pwani yenyewe haitulii. Tangu 2020 ziwa limepanda mara kwa mara na kula nyumba Uvira, Baraka na ng'ambo huko Bujumbura. Kwingineko duniani mwendesha baiskeli huifuata pwani. Kwetu pwani nayo hukufuata, na miaka mingine imewahi kukutangulia nyumbani.

Kutoka milimani nako mito inashuka na habari zake. Mvua ya Aprili 2020 iliyofumua mto Mulongwe pale Uvira ilitukumbusha kwamba daraja ni wazo tu, maji yana hiari ya kulikubali. Ukikuta daraja halipo, usitoe ramani. Kaa. Vijana watakuja wenyewe, wamevua mashati, watanyanyua kinga yako juu ya kichwa kimoja na wewe juu ya mgongo mwingine. Bei hupatanwa ukiwa bado nchi kavu. Anayeanza kupatana katikati ya mto amechelewa.

Njiani kula. Samaki mukeke wa kuchoma na bugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, pembeni, pilipili ya kukutoa machozi ili usipate nafasi ya kulilia bei. Mihogo utaiona imeanikwa kando ya barabara, nyeupe, mita baada ya mita. Ipishe, na ikibidi uchague kati ya mihogo ya mama na shimo, ingia shimoni. Shimo halina midomo.

Watoto watakukimbilia wakidai biskuti. Kikosi cha Umoja wa Mataifa, MONUSCO, kiliondoka Kivu Kusini Juni 2024, lakini habari hiyo haijawafikia wenye umri wa miaka 6, ambao bado wanaamini kila mwenye kofia ngumu kichwani ana biskuti mfukoni.

Ukifika Makobola shuka, uivue hiyo kofia. Hapa na katika vijiji jirani, kuanzia 30 Desemba 1998 hadi siku za kwanza za Januari 1999, mamia ya watu waliuawa, na wamezikwa wengi katika kaburi moja. Sukuma kinga kwa miguu mpaka upite. Nimetafuta njia tulivu Fizi nzima, na huu ndio utulivu pekee ninaokuomba uutii.

Hatua ya nne: adabu za kamba

Huko kwingine njia za baiskeli zina vibao vya kukuonyesha uelekeo. Sisi tuna bariyeri. Mara nyingi ni kamba ya nailoni iliyofungwa kati ya miti miwili, na mtu mmoja kivulini mwenye mamlaka ya kuilegeza. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya Ubelgiji iitwayo IPIS walihesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini wakapata 798. Nilipoisikia hesabu hiyo nilisikitika kidogo kwa ajili ya mhesabuji: lazima naye alisimama mara 798.

Kosa kubwa la mpanda kinga wa raha ni kupita na keria tupu. Mimi nililifanya. Sitasema ni kamba ya nani, kwani nitapita tena.

"Jambo, shefu."

"Jambo, papa. Unabeba nini?"

"Sibebi kitu, shefu."

"Kinga tupu?"

"Tupu."

"Sasa unaenda wapi na kinga tupu?"

"Ninatembea tu. Ninaangalia ziwa."

Akageuka akalitazama ziwa, kama anayehakikisha bado liko. Kisha akamwita mwenzake: "Kuja uone. Huyu papa anaangalia ziwa." Mwenzake akaja, akaniangalia mimi, akaangalia keria, akaangalia ziwa. Kwa dakika nzima tulikuwa watu wazima watatu tunatalii.

"Ziwa ni bure, papa," akasema wa kwanza. "Njia ndiyo faranga 500."

Nikalipa. Nikaomba jetoni, ule ushahidi kwamba nimeshalipa, nisilipe tena mbele. Wakacheka kwa ukarimu mkubwa. Funzo: beba kitu. Mkungu wa ndizi, fagio 10, hata mlango. Mtu mwenye mzigo anaeleweka: anatafuta chakula cha watoto. Mtu anayepanda mlima bila mzigo, kwa hiari yake, lazima ni mpelelezi au ana matatizo nyumbani.

Hatua ya tano: njia ya Ubwari, kwa wanaopenda kubeba kinga

Mbele ya Baraka, ng'ambo ya ghuba, kuna rasi ya Ubwari, mlima mrefu uliolala majini. Mwaka 1858 Mwingereza Richard Burton alipita huku kwa mtumbwi akielekea Uvira, akaiona Ubwari, akaandika kwamba ni kisiwa. Ramani zilisahihishwa baadaye, lakini kwa kosa hilo hakunyimwa kitu, na ghuba yetu ikaitwa kwa jina lake. Ukienda na kinga utamtetea. Njia za kule ni vijia vya mbuzi, vinapanda na kuteremka kwa matakwa ya mbuzi. Weka kinga juu ya mtumbwi, vuka, itembeze ufukweni ili watu waione, irudishe. Ni safari tulivu kweli, kwani muda mwingi kinga haigusi ardhi.

Hatua ya sita: njia ya mlima

Sasa tufike penyewe. Kutoka Baraka hadi Fizi, makao makuu ya wilaya, ni kilomita 30 na ushei. Unaanzia kwenye ufukwe ulio karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari, halafu unapanda, na kila kona inakuahidi kwamba ndiyo ya mwisho. Methali inasema haraka haraka haina baraka. Kwenye njia hii methali imekosea uelekeo: kwenda Baraka ni mteremko, na haraka utaipata hata usiyoitaka. Ni Fizi isiyofikika kwa haraka.

Usione haya kusukuma. Milima ya nchi hii imewashusha wakubwa. Tarehe 24 Aprili 1965 Che Guevara aliteremka Kibamba, kusini mwa hapa kwenye mwambao huuhuu, akitokea Kigoma, kuja kusaidia waasi. Wakuba wale walipewa majina ya Kiswahili kwa kuhesabu: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Tatu ni gia mbili zaidi ya zile za kinga yangu, na bado vilima hivi, pamoja na pumu yake, vilimhenyesha. Novemba mwaka huohuo alivuka ziwa akarudi. Nawe ukishuka kwenye kinga ukasukuma, umeshindwa na mlima uliomshinda mtu mwenye sanamu Cuba.

Nilipanda njia hii asubuhi moja ya kiangazi, nikiwa na keria tupu, maana wakati huo sikuwa nimejifunza. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliipata ile barabara ya vitabuni. Hakuna Fuso. Hakuna pikipiki. Hakuna wabebaji wanaoshuka wakipiga kelele "njia! njia!". Ukungu ulikuwa umekaa bondeni, ziwa chini limelala kama shuka iliyopigwa pasi, na nikasikia ndege. Naapa, niliwasikia ndege. Nilihesabu sauti tatu mbalimbali. Nikajisemea: haya ndiyo wenzetu wanayoyafurahia.

Kwenye kona mtu mmoja alikuwa amekaa. Mama wa makamo, kapu la ndakala wakavu limewekwa juu ya jiwe, kamba yake ya kubebea ya kuvuta kwa paji la uso imekunjwa vizuri mapajani.

"Jambo, mama."

"Jambo, papa. Unaenda wapi?"

"Fizi."

"Kuna mtu umemwona anashuka?"

"Hapana, mama. Leo njia ni nzuri. Kimya kabisa."

Alinitazama vile unavyomtazama mtoto aliyekuambia ameokota bomu na linang'aa.

"Ndiyo maana nimekaa," akasema.

Nikashuka kwenye kinga. Nikaiegemeza kwenye jiwe lake, nami nikakaa. Ndege wakaendelea kuimba, na sasa kila mmoja alinitia wasiwasi.

Hatua ya saba: kuisoma keria

Katika kukaa kule nilipewa mafunzo ambayo nayatoa hapa bure. Kosa la vitabu vile ni kudhani utulivu ni sifa ya barabara. Kwetu utulivu ni jibu, na kabla hujalifurahia ulijue swali. Labda mwezi ni mpevu. Labda ni siku ya ibada. Labda kuna msiba na kijiji kizima kimekwenda kuzika. Au labda walioko mbele wameshajua jambo ambalo wewe hujaambiwa, na kila mtu mwenye akili amekaa kwenye jiwe. Kwa hiyo mama haulizi njia ikoje. Hutazama kinachopita, na zaidi, kilichofungwa nyuma ya kinga.

Bidoni za mawese zinashuka: Fizi wameamka salama, mashamba yanaendewa, mitambo inakamua. Panda.

Ndakala wanapanda: ziwa limetoa jana, na kuna mtu juu mwenye fedha ya kuwanunua. Panda.

Makala, yaani makaa, magunia mawili, moja limelala juu ya jingine: amani ipo, ingawa msitu ukiulizwa utakuwa na maneno yake. Panda.

Wanafunzi wawili juu ya kinga moja, wa nyuma ameshika madaftari ya wote: shule imefunguliwa na mwalimu amefika. Panda, na uwapongeze, kwani hilo la pili si dogo.

Kreti ya bia ya Primus: amani kubwa, au harusi. Panda haraka.

Mbuzi amefungwa, kichwa kimetoka pembeni anaangalia ulimwengu: mahari inasafiri. Mwenye kupeleka mahari hajapata habari mbaya, au amezipata lakini wakwe wanamtisha zaidi. Panda, kwa tahadhari.

Kinga tupu, nyingi, zinashuka kwa kasi, wenyewe hawasalimii: uliza huku umeshageuza usukani.

Godoro: usiulize. Godoro halitoki nyumbani kwa matembezi. Mtu anayefunga godoro kwenye keria, juu yake sufuria, na juu ya sufuria mtoto, amefunga nyumba yote, kwani mengine hayabebeki. Februari 2025 waasi wa M23 walipochukua Bukavu, magodoro yaliteremka kusini. Desemba mwaka huohuo walipoingia Uvira, maelfu ya watu waliishika njia ile ya pwani niliyokusifia hapo juu, kuja Baraka na Fizi. Siku kama hizo barabara haina utulivu hata chembe: kinga, pikipiki, miguu, mbuzi, wazee kwenye mikokoteni. Kelele pia, basi, ina maana zake. Usifurahie kelele kabla hujaiona keria.

Nikamuuliza mama kama anaogopa. Akasema hapana, anasubiri. Akaniambia kuna tofauti, na mtu asiyeijua asifanye biashara ya ndakala. Mwenye kuogopa hurudi na mzigo, samaki wanaoza, watoto wanalala njaa. Mwenye haraka hupanda peke yake, na siku moja kati ya siku nyingi harudi. Mwenye kusubiri hukaa mahali palipo na kona, asikie kabla hajaonekana. Nikatambua kwamba jiwe alilokalia limelainika. Halikulainishwa na mvua.

Kisha akaitazama kinga yangu, akaanzia usukani akaishia nyuma.

"Papa, keria yako inabeba nini?"

"Hakuna kitu, mama."

Hakunikemea. Alitikisa tu kichwa kwa ajili ya wazazi wangu.

Hatua ya nane: kuondoka

Tulikaa labda nusu saa. Jua likaanza kuukunja ukungu. Halafu kwanza ikaja harufu, ile ya mpira unaoungua, kabla hata ya sauti. Mama akainua kidole. Ndipo tukasikia: unyayo wa ndara ukisaga tairi, breki zikilia, na mtu akipaza sauti "njia! njia!" kana kwamba tumeiziba sisi.

Kijana akatokea kwenye kona, mguu mmoja nyuma kwenye tairi, bidoni 4 za njano zimemzidi kimo. Hakuweza kusimama, ila alipunguza kiasi cha kujibu.

"Wengine wako?" mama akauliza.

"Wako nyuma, mama, wengi! Fuso lilikwama kwenye tope la chemchemi, tulikuwa tunasukuma!"

Akapita. Nyuma yake wa pili, wa tatu, wa nne mwenye redio imefungwa kwenye usukani inaimba hadi mwisho wa betri zake, wa tano akimtukana wa nne kwa kuchelewesha kona, halafu lile Fuso lenyewe, limepakwa tope hadi kwenye vioo, na abiria juu ya magunia wakituaga kama tumewafanyia jambo. Vumbi likatufunika sote. Mama alikuwa ameshasimama. Alikaza kitenge, akainua kapu la ndakala, na badala ya kulivuta kwa paji lake akalipandisha kwenye keria yangu na kulifunga kwa ile kamba, mafundo mawili, bila kuniuliza.

"Sasa njia iko," akasema. "Sukuma, papa."

Nikasukuma. Yeye alitangulia, mikono huru kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akisalimiana na kila aliyeshuka, akiuliza bei ya mawese, akipinga bei ya mawese, akimtumia salamu shemeji wa mtu aliyeko Mboko. Watoto wa kijiji cha kwanza walitukimbilia wakadai biskuti, wakapewa ndakala wawili wawili, wakaridhika. Pikipiki zikatupita na honi. Mpaka tunaingia Fizi sikusikia tena ndege hata mmoja.